MAHEKALU YA BONDE LA KATHMANDU
Mahali patakatifu palipoanguka na kusimamishwa tena

Miji mingi hupewa jina la mto, la mlima au la mtu aliyeijenga. Mji mkuu wa nchi ya Nepali ulipewa jina la nyumba moja ya mbao. Nyumba hiyo huitwa Kasthamandap, maana yake banda la mti, nayo ilisimama njia panda katikati ya mji kwa karne nyingi. Wasafiri waliokuwa wakienda Tibet au kurudi Bara Hindi walilala chini ya paa lake, na jina lake likafupishwa vinywani mwa watu hata likawa Kathmandu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Aprili 2015, saa sita kasoro dakika nne mchana, nchi ilitetemeka kwa nguvu, na nyumba iliyoupa mji jina lake ikaanguka. Siku ile walikuwamo ndani yake watu waliokusanyika kutoa damu kwa ajili ya wagonjwa, na baadhi yao walikufa papo hapo. Katika nchi yote ya Nepali watu karibu 9,000 walipoteza maisha yao, na mahekalu mengi ya zamani yaligeuka kuwa marundo ya matofali na boriti.

Mgeni afikaye Kathmandu leo ataiona tena nyumba ya Kasthamandap imesimama mahali pake. Jinsi ilivyoinuka ni habari inayofaa kusimuliwa, lakini haieleweki vema mpaka mtu azunguke kwanza katika bonde lote na kuona mahali pengine patakatifu, na kuwajua watu wapatunzao.

BONDE LILILOKUWA ZIWA

Bonde la Kathmandu limezungukwa na vilima pande zote, na nyuma ya vilima vya kaskazini huonekana milima yenye theluji ya Himalaya. Sakafu ya bonde iko yapata mita 1,400 juu ya bahari, yaani chini kidogo kuliko Nairobi. Udongo wake ni mweusi wenye rutuba, nao ndio uliowalisha wenyeji wake wa kale, Wanewari, watu wa kilimo na biashara ambao pia ni mafundi mashuhuri wa kuchonga mbao na kufua shaba.

Wenyeji husimulia kwamba hapo kale bonde lote lilikuwa ziwa, na katikati ya ziwa likaota ua la yungiyungi lililong'aa kwa nuru. Mtakatifu mmoja wa Wabuddha, jina lake Manjushri, alikuja kutoka kaskazini ili aliabudu ua lile. Akaukata mlima kwa upanga wake mahali paitwapo Chobhar, maji yakatoka, na bonde likabaki kavu. Wataalamu wa miamba nao wamethibitisha kwamba palikuwapo ziwa hapo zamani za kale, na mto Bagmati hata leo hutoka bondeni kwa kupita katika bonge la mlima lililopasuka pale Chobhar.

Katika bonde hili palikuwa na miji mitatu ya kifalme, nayo ni Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Wafalme wa ukoo wa Malla waliitawala kwa karne nyingi, na baada ya kufa mfalme Yaksha Malla mwaka 1482 nchi iligawanyika, kila mji ukawa na mfalme wake. Wafalme hao walishindana. Mmoja akijenga hekalu zuri, jirani yake hakulala mpaka amejenga lililo zuri zaidi. Mashindano hayo yaliisha mwaka 1768 na 1769, Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alipoiteka miji yote mitatu. Jina la Gorkha si geni kabisa Afrika Mashariki, maana askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 walikuwa katika jeshi moja na Magurkha, ambao wameitwa hivyo kwa ajili ya ufalme huo.

Mwaka 1979 shirika la UNESCO liliandika mahali saba katika bonde hili katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mahali hapo ni viwanja vitatu vya majumba ya wafalme, na Swayambhu, Pashupati, Bauddha na Changu Narayan.

MACHO YA SWAYAMBHU

Inafaa kuanza na Swayambhu, kwa kuwa ndipo wenyeji wasemapo kwamba ua lile la nuru lilikuwapo. Jina lenyewe maana yake ni "aliyejiumba mwenyewe". Mahali hapo pako juu ya kilima upande wa magharibi wa mji, na kutoka upande wa mashariki mtu hupanda ngazi 365 za mawe zenye mwinuko mkali. Nyani wengi hukaa huko, nao hawaogopi watu. Mgeni aliyeshika ndizi mkononi hatafika nayo juu.

Kileleni pana kuba jeupe kubwa, ambalo Wabuddha huliita stupa. Juu ya kuba pana mnara wa pembe nne uliofunikwa dhahabu, na kila upande wa mnara yamechorwa macho mawili ya Buddha yatazamayo bonde. Mahali pa pua pana alama kama nyoka aliyejikunja, nayo ndiyo tarakimu ya moja kwa maandishi ya Kinepali.

Karibu na kuba pana hekalu dogo la Harati, mungu wa kike ambaye zamani watu walimwendea kwa hofu ya ndui. Akina mama humletea watoto wao hata leo. Hapo mgeni atajifunza jambo moja la bonde hili, ambalo atalikuta kila aendako: Wabuddha na Wahindu hupanga mstari mmoja mbele ya mlango mmoja. Katika ukoo mmoja wa Kinewari si ajabu mtu kuzishika ibada zote mbili, wala haoni kwamba amechanganya mambo.

PASHUPATI, MTO NA MOTO

Upande wa mashariki wa mji, karibu na uwanja wa ndege, liko hekalu la Pashupati, lililo kuu kuliko mahekalu yote ya Wahindu katika Nepali. Linasimama kando ya mto Bagmati, na ni la Shiva katika hali yake ya kuwa Bwana wa wanyama. Hekalu lililopo lilijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 17, baada ya lile la kwanza kuharibiwa na mchwa. Lina mapaa mawili yaliyofunikwa dhahabu na milango ya fedha. Makuhani wake wakuu, kwa desturi ya zamani, hutoka kusini mwa Bara Hindi.

Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia katika ua wa hekalu kuu. Lakini aweza kuvuka daraja na kukaa upande wa pili wa mto, penye ngazi za mawe na vibanda vidogo vya ibada, akaona yote yaonekanayo kutoka huko. Chini ya hekalu, ukingoni mwa mto, pana majukwaa ya mawe ambapo maiti huteketezwa. Maiti huletwa imefungwa kitambaa, miguu yake huoshwa kwa maji ya mto, kisha mwana huwasha moto, na jioni majivu husukumwa mtoni. Mambo haya hufanywa hadharani, maana Wahindu hawakifichi kifo. Hata hivyo wale walio kando ya moto ni wafiwa, na mgeni mwenye adabu hukaa mbali, akaiacha picha yake katika mfuko.

Usiku wa Shivaratri, katika mwezi wa Februari au Machi, mahujaji kwa maelfu na maelfu hufika kutoka Nepali na Bara Hindi, na masadhu waliojipaka majivu huota moto usiku kucha. Tetemeko la mwaka 2015 liliyapasua majengo mengi ya kando, lakini hekalu kuu lilisimama, na siku zile za msiba mioto ya ukingoni haikuzimika.

NGOZI YA NYATI

Mwendo mfupi kutoka Pashupati, upande wa kaskazini mashariki, liko kuba la Bauddha, kubwa kuliko la Swayambhu. Urefu wake ni yapata mita 36, nalo ni mojawapo ya makuba makubwa ya Kibuddha duniani. Lilijengwa kando ya njia ya zamani ya wafanya biashara waendao Tibet, ambao waliomba hapo kabla ya kuipanda milima, na kushukuru waliporudi salama.

Masimulizi ya watu husema kwamba mwanamke mmoja mfuga kuku alimwomba mfalme ampe kiwanja cha kujengea mahali pa ibada, kiasi kiwezacho kufunikwa na ngozi moja ya nyati. Mfalme akakubali bila kufikiri. Yule mwanamke akaikata ngozi kuwa ukanda mwembamba, akauzungusha ukanda, akapata kiwanja kipana. Wakuu wakamlalamikia mfalme, lakini mfalme akasema neno lililokwisha kutoka haliwezi kurudishwa.

Baada ya mwaka 1959 Watibeti wengi waliokimbia nchi yao walikuja kukaa karibu na Bauddha, wakajenga nyumba za watawa na maduka. Alfajiri na jioni wazee kwa vijana hulizunguka kuba, wakilizungusha gurudumu la sala kwa mkono, na kila mmoja huliweka kuba upande wake wa kuume. Mgeni naye hana budi kufuata mkondo huo. Aendaye kinyume hutambulikana mara moja.

Mwaka 2015 kilele cha Bauddha kilipasuka vibaya hata ikalazimu kibomolewe. Wabuddha wa Nepali na wa nchi nyingine walichanga fedha zao wenyewe, na wengine walileta nguvu za mikono yao. Zaidi ya kilo 30 za dhahabu zilitumika, na katika Novemba 2016, mwaka mmoja na nusu tu baada ya msiba, kuba likafunguliwa tena. Lilikuwa katika majengo makubwa ya kwanza kukamilika, na wengi walijiuliza kwa nini mengine yalichelewa.

JIWE LA MWAKA 464

Mbele zaidi upande wa mashariki, juu ya kilima chenye miti, liko hekalu la Changu Narayan, la mungu Vishnu. Wageni wengi hulipita bila kuliona, nao hukosa kitu. Katika ua wake ipo nguzo ya mawe yenye maandishi ya mfalme Manadeva ya mwaka 464, ambayo ni ya zamani kuliko maandishi yote yenye tarehe yaliyopatikana katika bonde. Mbele ya mlango amepiga magoti Garuda, ndege mwenye uso wa mtu, ambaye ndiye kipando cha Vishnu. Hekalu lenyewe liliungua moto, likajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 18. Basi jiwe lina umri wa miaka zaidi ya 1,500, na nyumba iliyo kando yake ina umri wa miaka 300 hivi. Lakini ibada ya mahali pale haikukatika.

MAPAA MATANO YA BHAKTAPUR

Kusini ya kilima hicho uko mji wa Bhaktapur. Njia zake zimetandikwa matofali, na katika kiwanja cha wafinyanzi vyungu huanikwa juani kwa mamia. Hapo lipo hekalu la Nyatapola, lenye mapaa matano na urefu wa mita 30 hivi, lililojengwa mwaka 1702 na mfalme Bhupatindra Malla kwa ajili ya Siddhi Lakshmi.

Limesimama juu ya ngazi tano kubwa, na kila ngazi ina walinzi wawili wa mawe. Chini kabisa wako wapiganaji wa mweleka, ambao wasemwa walikuwa na nguvu za watu kumi. Juu yao wako tembo, wenye nguvu mara kumi kuliko wapiganaji. Kisha simba, kisha wanyama wenye vichwa vya ndege, na juu kabisa miungu wawili wa kike. Kila mlinzi ana nguvu mara kumi kuliko aliye chini yake, na mtoto yeyote wa Bhaktapur aweza kumfanyia mgeni hesabu hiyo.

Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa sana liliubomoa mji huu, na hekalu la Bhairavnath lililo jirani likaanguka. Nyatapola ilisimama. Mwaka 2015 majengo mengi ya Bhaktapur yaliporomoka tena, likiwamo hekalu la mawe la Vatsala katika uwanja wa mfalme. Nyatapola ilisimama tena. Jambo hili si la bahati tu. Ngazi zake pana huushika msingi, boriti zake zimeunganishwa kwa misumari ya mti ambayo huachia kidogo jengo linapotikisika, na mapaa hupungua upana kadiri yanavyopanda, uzito ukakaa chini. Mafundi wa mwaka 1702 walijua kwamba nchi yao hutetemeka, wakajenga kwa kulijua hilo.

Watu wa Bhaktapur walikuwa na msimamo katika kujenga upya. Baraza la mji wao lilitaka mahekalu yajengwe kwa matofali, udongo na mbao, kwa mikono ya mafundi wa pale pale, chini ya kamati za wakazi wa kila mtaa. Vatsala sasa imesimama tena.

MTOTO KUHANI WA PATAN

Mji wa Patan uko kusini ya Kathmandu, ng'ambo ya mto Bagmati. Katika uwanja wa mfalme lipo hekalu la Krishna, lililojengwa kwa mawe matupu na mfalme Siddhinarsingh Malla mwaka 1637. Lina vilele 21, na kuta zake zimechorwa kwa patasi visa vya Mahabharata na Ramayana. Mahekalu mawili jirani yake, Char Narayan na Harishankar, yaliporomoka kabisa mwaka 2015. Watu wa mji na askari waliziokota boriti zenye nakshi kabla ya kuibiwa, zikawekwa katika ua wa jumba la mfalme, na mafundi wakazipanga kipande kwa kipande na kuzirudisha mahali pake pa zamani. Palipokosekana kipande, seremala alichonga kipya kwa kufuata cha kale.

Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ya ibada ya Kibuddha iitwayo Hekalu la Dhahabu, lenye ua mdogo uliojaa sanamu za shaba. Kuhani wake ni mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 12, ambaye hutumika siku 30 kisha humwachia mwingine wa jamaa za mahali hapo. Hivyo kila mwanamume wa jamaa hizo huzeeka akikumbuka kwamba aliwahi kulitunza hekalu kwa mikono yake mwenyewe.

Patan pia ni mji wa Rato Machhindranath, mungu mwekundu aletaye mvua, aheshimiwaye na Wabuddha na Wahindu sawasawa. Kila mwaka, kabla ya masika yao, huwekwa katika gari lenye magurudumu makubwa ya mti na mnara mrefu wa mbao na henzirani, na watu hulivuta kwa kamba mitaani. Kila mwaka wa 12 gari huvutwa kutoka kijiji cha Bungamati mpaka mjini. Mwaka 2015 ulikuwa mwaka huo, na tetemeko lililikuta gari njiani. Hekalu la Bungamati lilivunjika kabisa, lakini mungu wa mahali pale alikuwa garini, wala hakuguswa.

MUNGU ALIYE HAI

Msafiri akirudi sasa katikati ya Kathmandu, huingia uwanja wa Hanuman Dhoka, penye jumba la wafalme wa zamani. Hapo lipo hekalu la Taleju, lililojengwa mwaka 1564 na mfalme Mahendra Malla, ambalo hufunguliwa kwa waumini siku moja tu kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Dashain.

Jirani yake ipo nyumba ya matofali mekundu yenye madirisha ya nakshi, iliyojengwa mwaka 1757. Ndiyo nyumba ya Kumari, msichana mdogo achaguliwaye katika jamaa za Kibuddha, ambaye Wahindu humwabudu kama Taleju aliye hai. Wageni huingia ua wa nyumba, na pengine msichana huonekana dirishani kwa dakika chache. Kumpiga picha ni mwiko. Afikapo umri wa kuvunja ungo hurudi kwao, naye mwingine huchaguliwa. Zamani wasichana hao walirudi nyumbani pasipo elimu ya kutosha, na jambo hilo lilisumbua dhamiri za wengi. Mwaka 2008 Mahakama Kuu Kabisa ya Nepali iliamua kwamba Kumari asinyimwe masomo wala haki nyingine za mtoto. Desturi ikabaki, na mwalimu akaingia ndani ya nyumba.

GUTHI, WAKFU WA WANEWARI

Yafaa kuuliza ni nani aliyelipa mafuta ya taa, mchele wa sadaka na fundi wa paa kwa karne zote hizi. Jibu ni guthi. Neno hili kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki si gumu kulieleza, maana linafanana na wakfu. Mtu alitoa shamba lake kwa ajili ya hekalu, na mavuno ya shamba hilo yakalipia ibada na matengenezo. Jamaa fulani walikabidhiwa kazi hiyo, wakairithishana baba kwa mwana. Kila mwaka guthi ilipanda paani ikang'oa majani yaliyoota, ikabadili vigae vilivyovunjika, ikatazama boriti zilizoanza kuoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kazi ya guthi ilikuwa kuziba ufa.

Mwaka 1964 sheria ilianzisha shirika la Serikali la kusimamia guthi, na ardhi za guthi nyingi zikatoka mikononi mwa jamaa. Thamani ya mapato ilipungua, na mahekalu mengi yakakosa mtu wa kuyapandia paani. Mwaka 2019 Serikali ilileta mswada wa kuziweka guthi zote chini ya chombo kimoja. Wanewari kwa maelfu walijaa mitaani mwa Kathmandu katika mwezi wa Juni, wengine wakipiga ngoma za ibada, na mswada ukaondolewa.

Kabla ya hapo palikuwa na ugomvi wa Rani Pokhari, yaani Bwawa la Malkia, lililochimbwa mwaka 1670 kwa amri ya mfalme Pratap Malla ili kumfariji malkia wake aliyefiwa na mwana. Katikati ya bwawa lipo hekalu dogo. Baada ya tetemeko, kazi ya ujenzi ilianza kwa saruji. Wakazi waliona, wakapiga kelele, wakaisimamisha kazi. Mwishowe saruji iliondolewa, na wanawake kutoka Bhaktapur, wajuao namna ya kukanda udongo mweusi usiopitisha maji, wakashiriki katika kulitengeneza bwawa kama lilivyokuwa. Lilimalizika mwaka 2020.

KASTHAMANDAP INASIMAMA

Habari ya Kasthamandap yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Kwanza ilikusudiwa kwamba kazi wapewe wakandarasi kwa zabuni ya bei ya chini. Wakazi wa mitaa ya jirani walikataa, wakasema nyumba iliyoupa mji jina haiwezi kunadiwa kama ujenzi wa choo cha soko. Palikuwa na mabishano ya miaka kadhaa, na kamati ya wakazi ikakabidhiwa kazi.

Wakati huo wachimbaji wa mambo ya kale, wa Nepali na wa Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza, waliuchunguza msingi. Wengi walidhani kwamba nyumba ilianguka kwa sababu ya uzee wa msingi wake. Wachunguzi waliukuta msingi mzima kabisa, nao ni wa zamani kuliko ilivyodhaniwa, wa yapata karne ya 7. Nyumba ilibebwa na nguzo kuu nne za mti, na kila nguzo ilipaswa kuwa na ulimi uingiao katika tundu la jiwe lililo chini yake. Katika matengenezo ya karne ya 20 nguzo moja iliachwa bila kuunganishwa na jiwe lake, na sakafu mpya ikafunika kosa hilo. Wajenzi wa kale hawakukosea. Aliyekosea ni yule aliyekuja kutengeneza pasipo kuelewa alichokuwa akikitengeneza, na gharama yake ililipwa na watu waliokuja kutoa damu.

Nyumba mpya ilikamilika mwaka 2022, kwa mbao, matofali na udongo, kila ulimi katika tundu lake. Ganesh yuko katika pembe zake nne, kama zamani, na Gorakhnath yuko katikati.

MAMBO YA KUKUMBUKA KWA MGENI

Wakati mzuri wa safari ni Oktoba na Novemba, mvua zikiisha na milima ikionekana wazi. Mgeni huvua viatu penye mlango wa patakatifu, wala haingii na mkanda wa ngozi mahali palipokatazwa. Haigusi sadaka iliyowekwa mbele ya sanamu, hata ikiwa ni ua moja tu na punje za mchele. Hupita kuba na hekalu upande wa kushoto, ili patakatifu pawe kuume kwake. Akikuta mlango umefungwa kwa wasio wa dini hiyo, hutazama kutoka nje na kuridhika.

Mwisho wa safari yake na akae kidogo jioni katika ngazi za Kasthamandap. Wauza mboga hupanga bidhaa zao karibu, wazee hukaa kuzungumza, na wapitao kwenda kazini na kurudi huigusa miguu ya Ganesh, kisha huigusa paji la uso, bila kusimama. Mbao juu yao ni mpya, nao wanajua. Wanajua pia ni nani katika mitaa yao aliyezichonga, na kwamba mwakani lazima mtu apande paani kung'oa majani.